Maswali ya Gereji: Presha, Mafuta na Cheche Kwenye Subaru za Turbo

Barua za mwezi huu zimetawaliwa na wenye Forester na Impreza za turbo. Karibu zote zinauliza namna ya kuongeza presha, yaani nguvu ya hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini. Chache mno zinauliza namna ya kupima, na injini nyingi zinafia hapo hapo. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Hamjambo mafundi. Nina Forester XT ya 2005, injini EJ205, turbo yake ya TD04. Nimefunga bomba la moshi la inchi 3 kuanzia kwenye turbo, na fundi akaniwekea kidhibiti cha presha cha mkono. Tuliweka bar 1.2. Nikikanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye gia ya tatu, gari linavuta vizuri kisha linakata ghafla kama limezimwa, halafu linarudi. Fundi anasema tuidanganye sensa ya presha ili lisikate tena. Tufanye hivyo? — Msomaji, Thika

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Sensa hiyo iacheni kama ilivyo.

Kukata huko ni kompyuta ya injini kufunga injekta, vile vinyunyizio vya petroli, baada ya kuona presha imevuka kikomo kilichowekwa kiwandani. Majedwali ya mafuta na cheche ndani ya kompyuta yana mwisho. Injini ikipumua hewa kuliko jedwali lilivyopangiwa, kompyuta inaendelea kutumia namba za safu ya mwisho, yaani cheche inatoka mapema kuliko inavyofaa kwa hewa nyingi kiasi hicho. Ukiidanganya sensa, umeondoa ulinzi pekee uliobaki huku hewa ikizidi kuingia.

Jueni pia kwamba bomba la inchi 3 lenyewe linapandisha presha hata kidhibiti kisipofungwa. Moshi ukitoka kwa urahisi, turbo inaamka mapema na inazunguka kwa kasi zaidi, na mlango wa kupitisha moshi pembeni ya turbo, ambao kwenye TD04 ni mdogo, unashindwa kuipunguza. Gari lenye bomba hilo na programu ya kiwandani tayari linahitaji kupangwa upya.

Anzeni hivi. Toeni kidhibiti cha mkono na mrudishe solenoidi ya kiwandani, valvu ya umeme ambayo kompyuta hudhibitia presha, pamoja na hosi zake. Kisha tafuteni uvujaji wa hewa kabla ya jambo lingine lolote. Chukueni kifuniko cha bomba la PVC chenye kipenyo kinachoingia kwenye hosi ya hewa, baada ya sensa ya hewa. Kitoboeni na kukifunga valvu ya tairi, kikazeni kwa klampu, halafu ingizeni upepo kutoka kwenye kompresa. Anzeni na bar 0.3 na msivuke bar 1. Zibeni kwanza hosi za hewa ya krenkesi (tumbo la injini lenye oili), la sivyo upepo wote utaishia ndani ya injini na mtadhani kila mahali panavuja. Nyunyizeni maji ya sabuni kwenye viungo vya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), valvu ya kurudisha hewa, gasketi ya throto na mipira ya injekta. Sehemu ya kuchunguza kwa makini zaidi ni hosi kubwa ya mpira inayopita chini ya manifoldi kuelekea kwenye turbo. Kwenye Subaru za umri huu hosi hiyo hupasuka upande wa chini, jicho lisikofika, na utaujua ufa kwa kusikia upepo tu.

Mahali panapovuja pana maana. Uvujaji ulio kati ya sensa ya hewa na turbo huingiza hewa ambayo haijapimwa, kwa hiyo mafuta yanapungua na joto linapanda. Uvujaji baada ya turbo hutoa nje hewa iliyokwisha kupimwa, kwa hiyo mafuta yanazidi na gari linatoa moshi mweusi. Wa kwanza unatoboa pistoni. Wa pili unakula pesa.

Baada ya hapo pimeni presha ya mafuta. Hosi ya vakyumu ikiwa imetolewa kwenye rigyuleta, yaani kidhibiti cha presha ya mafuta, injini ikizunguka taratibu, geji isome kama bar 3. Turbo ikisukuma, presha ya mafuta lazima ipande sawasawa na presha ya hewa: kwa bar 1.2 ya hewa, mafuta yawe bar 4.2. Ikigoma kwenye 3.8, injekta hata ziwe kubwa namna gani hazitatoa kiasi chake. Kabla ya kununua pampu mpya, pimeni volti kwenye plagi ya pampu wakati inafanya kazi. Nyaya zilizochoka huiba volti, na pampu nzima huonekana mbovu.

Mwisho, pigeni hesabu ya injekta. Tuseme zako ni za cc 420 kwa dakika. Nne zinatoa cc 1,680. Asilimia 85 yake, ambayo ndiyo ukomo wa salama, ni cc 1,428. Petroli ina uzito wa karibu gramu 0.74 kwa cc, kwa hiyo ni gramu 1,057 kwa dakika, au 17.6 kwa sekunde. Kwa uwiano wa 11.2 za hewa kwa 1 ya mafuta, hewa mnayoweza kuilisha ni gramu 197 kwa sekunde. Sensa ya hewa ikisoma zaidi ya hapo, hakuna programu itakayowaokoa. Mnahitaji injekta kubwa zaidi, na pengine pampu pia.

Mambo hayo yakikaa sawa, fundi wa programu apande kwa hatua za bar 0.1, akirekodi kila hatua.

SWALI: Fundi wa gereji jijini Nairobi amepima mgandamizo wa silinda za Impreza yangu ya turbo. Amepata psi 120, 118, 121 na 119. Kitabu kinasema kuanzia 142. Ananiambia ringi zimekwisha, nifungue injini. Ni kweli? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Usifungue injini kwa namba hizo.

Namba za kitabu ni za usawa wa bahari, ambako hewa ina shinikizo la kama bar 1.01. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na hewa yake ni bar 0.83 hivi. Silinda inaanza kubana hewa ikiwa tayari nyepesi kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo na jibu lazima lishuke. Injini inayosoma psi 145 Mombasa itasoma kama 120 Nairobi bila ringi yoyote kuharibika.

Kinachosema ukweli popote ulipo ni tofauti kati ya silinda. Subaru inaruhusu kama psi 7. Zako zinatofautiana kwa 3, na huo ni usawa mzuri. Tungekuwa na wasiwasi kama zingekuwa 120, 119, 121 na 95, hasa ile ya 95 ikiwa ni silinda namba 4. Kwenye injini hizi namba 4 ndiyo huumia mara nyingi zaidi, na kwa kawaida kinachovunjika ni ukuta mwembamba wa pistoni ulioko kati ya ringi.

Hakikisha tu kipimo kilifanywa ipasavyo: injini ya moto, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, throto wazi kabisa, betri yenye nguvu. Throto ikifungwa, namba zote zinashuka. Ukitaka uhakika zaidi kabla ya kutia pesa kwenye turbo kubwa, omba kipimo cha uvujaji, kile cha kuingiza upepo ndani ya silinda pistoni ikiwa juu. Chini ya asilimia 10 ni afya njema. Ikivuka 20, sikiliza upepo unatokea wapi: kwenye kijiti cha oili ni ringi au pistoni, kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea, kwenye throto ni valvu ya kuingizia, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silindahedi.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nimefunga kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta chenye sensa ya Bosch LSU 4.9, nina kebo ya Tactrix ya kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari, na nimejifunza RomRaider, programu ya kusoma na kupanga kompyuta hiyo. Nikikanyaga mpaka mwisho, kuanzia mizunguko 3,000 hadi 4,200 kwa dakika kipimo kinasoma 12.4, kisha kinashuka mpaka 11.0 nikivuka 5,500. Kwa kuwa mwisho ni 11.0, naweza kuongeza presha? Na nirekodi nini hasa? — Dada wa Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, dada. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuongeza, maana tatizo lako liko pale pa 12.4, na hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Kati ya mizunguko 3,000 na 4,500 turbo imeshajaa na injini inatoa msokoto wake mkubwa. Shinikizo ndani ya silinda liko kileleni, na mafuta yana muda mrefu wa kupata joto kabla ya moto wa plagi kuyafikia. Ndiyo maana kugonga, yaani mafuta kulipuka yenyewe kabla ya zamu yake, huanzia hapo. Kwa petroli ya kawaida kwenye injini ya turbo, tunataka 11.2 hadi 11.5 katika eneo hilo, sawa na lamda (uwiano huo ukigawanywa kwa 14.7) ya 0.76 hadi 0.78. Yako ya 12.4 ni lamda 0.84. Huenda ikasikika tamu, lakini mafuta yanayozidi kidogo ndiyo yanayopoza pistoni.

Sababu tunazozishuku ni mbili. Ya kwanza: kama umebadilisha bomba la hewa au chujio, kipenyo cha bomba linaloshika sensa ya hewa kimebadilika. Sensa hiyo hupima kasi ya hewa inayopita mahali ilipo, na kompyuta huigeuza kuwa gramu kwa kutumia jedwali la bomba la kiwandani. Bomba likiwa pana, hewa inapita polepole, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, na mafuta yanapungua. Ama rudisha boksi la kiwandani, ambalo kwa gari la mtaani linatosha kabisa, ama panga upya jedwali la sensa volti kwa volti.

Ya pili ni tabia ya kompyuta za Subaru wenyewe. Ukikanyaga, kompyuta huchelewa kutoka kwenye hali ya kufuata sensa ya oksijeni, inayolenga 14.7, kwenda kwenye jedwali la mafuta ya nguvu. Turbo inakuwa imeamka wakati mafuta bado ni ya kutembelea. Katika programu kuna namba za kuchelewesha huko. Fundi wako azishushe hadi sifuri au karibu na hapo.

Kuhusu sensa yenyewe, iwe baada ya turbo, kwenye bomba la moshi, umbali wa sentimita 60 hadi 90, ikiinamia chini kutoka juu ili maji yasiiingie. Usiendeshe gari sensa ikiwa ndani ya bomba bila umeme, kwani itakufa. Na hakikisha hakuna gasketi ya moshi inayovuja mbele yake, maana hewa ya nje itakudanganya kwamba mafuta ni machache.

Sasa kurekodi. Mahali ni uwanja uliofungwa au mashine ya rola, si Barabara ya Bagamoyo. Mmoja aendeshe, mwingine ashike laptopu. Injini ipate joto mpaka oili nayo iwe moto. Gia ya tatu, anza mizunguko 2,500, kanyaga mpaka mwisho kwa ulaini, fika 6,500, achia. Rekodi mizunguko, gramu za hewa kwa sekunde na kwa mzunguko, volti za sensa ya hewa, presha, joto la hewa inayoingia, nyuzi za cheche, muda wa injekta, marekebisho ya kugonga ya papo kwa papo, yale ambayo kompyuta imejifunza, na kizidishi cha cheche, namba inayoonyesha kompyuta inathubutu kuwahisha cheche kiasi gani. Intakula ya Subaru imekaa juu ya injini, kwa hiyo kila baada ya mkanyago tembeza gari dakika kadhaa ili ipoe. Ukirudia papo hapo, unapima joto la intakula na wala si programu.

Muda wa injekta usomwe pamoja na mizunguko. Kwenye 6,500, duru moja ya silinda inachukua milisekunde 18.5. Injekta ikifunguka milisekunde 15.7, iko asilimia 85. Ikifika 17, basi karibu haifungi.

Marekebisho ya kugonga yanahitaji uvumilivu. Hasi 1.4 inayotokea mara moja wakati wa kubadili gia inaweza kuwa kelele tu. Ikitokea kwenye mizunguko ile ile katika kila mkanyago, ni kugonga kweli, na hapo toa nyuzi 2 za cheche au shusha presha. Kizidishi cha cheche kinatakiwa kikae juu kabisa: 16 kwa kompyuta za biti 16, 1.0 kwa za biti 32. Kikishuka, kompyuta imekwisha kupoteza imani na mafuta au na injini yako. Sensa ya kugonga ni moja tu, iko kwenye bloku chini ya manifoldi, na boliti yake hukazwa kwa Nm 24. Iliyokazwa kupita kiasi au yenye ufa husikia vitu visivyopo, au haisikii vilivyopo. Tunapenda pia kumwona fundi akivaa vipokea sauti vilivyounganishwa na kipaza sauti kidogo kwenye bloku. Sikio likizoea, kugonga hakufichiki.

SWALI: Gari langu limepangwa Nairobi kwa kidhibiti cha mkono, bar 1.1, na halijawahi kusumbua. Mwezi wa nane tunashuka Mombasa. Kuna la kubadilisha? — Msomaji, Ruaka

JIBU: Lipo, na ni kubwa.

Kidhibiti cha mkono, pamoja na springi ya mlango wa turbo, hupima presha kwa kulinganisha na hewa ya nje. Nairobi, bar 1.1 juu ya 0.83 ni jumla ya 1.93. Ukifika Mombasa, skrubu ikiwa pale pale, ni 1.1 juu ya 1.01, jumla 2.11. Injini inameza hewa zaidi kwa karibu asilimia 9. Injekta zilizokuwa zikifanya kazi asilimia 82 zinakaribia 90, cheche inaingia eneo la jedwali ambalo fundi hakuwahi kulijaribu, na hewa yenyewe ni ya joto zaidi. Hapo ndipo injini iliyotulia mwaka mzima inapogonga.

Kupata jumla ile ile ya 1.93 pwani, geji yako isome kama 0.9. Rudisha skrubu kabla ya kushuka, au simama Mtito Andei, katikati ya safari, ufanye kazi hiyo injini ikishapoa kidogo. Gari linalodhibitiwa na solenoidi ya kompyuta halina shida kubwa namna hii, kwa kuwa sensa yake hupima presha kamili. Hii ndiyo sababu tunapendelea solenoidi.

Jambo la pili ni mafuta. Subaru za turbo zilizotoka Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani 100 ya huko. Yetu iko chini ya hapo, na ikichanganywa mafuta ya taa inashuka vibaya zaidi. Kenya iliongeza ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya mchezo huo. Jaza kituo unachokiamini, na ukijaza kituo kigeni usikanyage mpaka mwisho kabla ya kuangalia marekebisho ya kugonga kwenye laptopu. Unaporudi, mlima mrefu kwenye gia ya tano na mizunguko 2,000 ni adui mwingine. Teremsha gia, iache injini izunguke.

SWALI: Rola ya Nairobi imenipa karatasi ya farasi 250 za magurudumu. Rafiki yangu mwenye vifaa vile vile amepata 205 Dar. Yangu imepangwa vizuri zaidi? — Msomaji, Kiambu

JIBU: Angalia pembeni ya karatasi kama kuna neno SAE, yaani kanuni ya chama cha wahandisi wa magari, na namba ya masahihisho. Kanuni hiyo hukadiria gari lingetoa nguvu kiasi gani kwenye hewa ya usawa wa bahari, na kwa hewa ya Nairobi inaongeza zaidi ya asilimia 20. Ni haki kwa injini isiyo na turbo. Turbo yako imeshafidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana, kisha mashine ikaifidia tena. Omba karatasi isiyosahihishwa. Huenda ikasoma kama 200.

Tumia rola kulinganisha gari lako kabla na baada, mashine ile ile, gia ile ile, matairi yale yale. Na iwe ya magurudumu manne. Subaru kwenye rola ya magurudumu mawili hupika difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

SWALI: Nikifunga valvu ya kupuliza hewa nje ile yenye mlio, kuna ubaya? — Msomaji, Arusha

JIBU: Hewa inayopulizwa nje imeshapimwa na kuwekewa mafuta. Kila ukibadili gia, mafuta yanazidi kwa sekunde moja, gari linakohoa, plagi zinashika masizi. Valvu ya kiwandani inairudisha ndani. Ibaki, ila ipimwe kama haivuji kwa presha yako mpya.

SWALI: Plagi zipi kwa bar 1.2? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Za kiwandani nyingi ni NGK za namba 6. Panda hadi 7, ambayo ni baridi zaidi. Kwa NGK na Denso namba kubwa ni baridi, kwa Bosch ni kinyume, kwa hiyo usimwachie muuzaji akuchagulie. Mwanya uwe milimita 0.6 hadi 0.65. Ukiacha 0.8, presha itazima cheche na gari litakatakata juu ya mizunguko 5,000, na wengi hununua koili bure. Zifunge injini ikiwa baridi. Baada ya mkanyago wa kwanza zima injini, toa ya silinda namba 4 na uiangalie kwa kioo cha kukuzia: vidoto vidogo vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe ni alumini ya pistoni, na hapo kazi ya siku hiyo imekwisha.